Kuomba burse ya iniversite: feza iko wapi, na dosiye inatengenezwa ginsi gani?

Kila mwaka, siku matokeo ya Examen d'État inatoka, barabara za Lubumbashi zinajaa vijana wenye kupakwa pudra nyeupe toka kichwa mupaka miguu. Kutoka Katuba mupaka Ruashi, wamama wanapiga vigelegele. Ile furaha inadumu siku mbili ao tatu. Kisha swali moja linaingia mu nyumba: nani atalipa iniversite?

Jibu la kwanza lenye watu wanatoa ni "burse". Lakini burse gani? Inatoka wapi? Mutu anaanzia kwenye mulango gani? Katika hii makala tunaeleza milango yenye iko wazi kwa mwanafunzi wa Haut-Katanga na wa majimbo mengine ya mashariki, karatasi zenye zinaombwa, na mitego yenye kula feza ya wazazi. Tuseme wazi tangu mwanzo: burse ziko, lakini ni kidogo, na mara nyingi mutu haikose sababu ya pointi. Anaikosa sababu ya karatasi moja yenye kukosekana, ao tarehe yenye ilipita.

BURSE NI NINI?

Burse ni feza yenye unapewa juu ya masomo na yenye haurudishe. Mukopo, hata kama unaitwa na jina nzuri, unarudishwa. Ile tofauti inafaa kujulikana mbele ya kutia sinyatire kwenye karatasi yoyote.

Majirani wetu wana mifumo ya mukopo wa serikali. Kenya iliunda HELB mwaka 1995. Tanzania ilitunga sheria ya Bodi ya Mikopo mwaka 2004, na kazi ikaanza mwaka 2005. Kule, mutoto wa maskini anakopa, anasoma, kisha anarudisha wakati anapata kazi. Lakini ile mikopo ni ya raia wa zile inchi. Kama mutu anakuambia atakupatia "mukopo wa HELB" wewe Mukongomani mwenye kukaa Lubumbashi, ujue anakudanganya.

Zamani kwetu mambo yalikuwa tofauti. Mu miaka ya Zaïre, mwanafunzi wa iniversite ya serikali alikuwa analala mu home, anakula mu restora ya kampasi, na serikali inamupa burse. Ile burse ilikuwa jambo kubwa mupaka watu wakakufa juu yake: tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka 1969, wanafunzi wa Lovanium waliandamana mu Kinshasa, na kati ya mambo walikuwa wanadai kulikuwa kuongezewa burse. Jeshi likawapiga risasi. Mu miaka ya 1980, wakati serikali ilikuwa inakaza mukanda juu ya madeni yake, burse ilianza kukauka. Kuanzia miaka ya 1990, wazazi njo wanabeba karibu muzigo wote.

Hapa Katanga kulikuwa tena mulango mwingine: Gécamines. Wazee wanakumbuka ginsi kampuni ilikuwa baba na mama: inalipa masomo, inatibia, inaleta unga. Kisha mugodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, kampuni ikayumba, na mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10.000 wakatoka kwa "départ volontaire". Watoto wao njo wazazi wa leo, na wengi wanaendelea kungojea kampuni ifanye kazi ya baba. Haitafanya hivyo tena kwa njia ile.

Kitu kingine chenye kuchanganya watu ni gratuité. Ile yenye ilianza mwezi wa 9 mwaka 2019 ni ya shule ya primere ya serikali. Iniversite haiko ndani.

FANYA HESABU MBELE YA KUOMBA

Burse nyingi zinauliza: unahitaji feza ngapi, na ya nini? Mwanafunzi mwenye kujibu "ya masomo" tu anaonekana kama hajui kwenye anaenda. Kwa hiyo kamata karatasi na uandike mustari kwa mustari:

- inskripsyo (feza ya kuandikishwa);
- minervali, na sehemu ngapi inalipwa, na tarehe ya kila sehemu;
- silabusi, fotokopi na kazi za maabara;
- transporti ya kila siku, ao nyumba kama unatoka mbali;
- chakula;
- staje, na kazi ya kumaliza masomo;
- telefone na intaneti.

Minervali peke yake si bei ya masomo. Mutoto mwenye kukaa Kampemba na kusoma kwenye kampasi ya Kasapa anapanda gari mara mbili ao ine kwa siku. Kwa mwaka muzima, ile feza ndogo ndogo inaweza kukaribia minervali. Familia zenye hazifanyi hii hesabu zinalipa sehemu ya kwanza kwa nguvu zote, kisha mutoto anasimama katikati ya mwaka. Mwaka unapotea, na feza yenye ililipwa hairudi.

MILANGO YENYE IKO WAZI

1. Kwa wale wenye walipata pointi za juu sana

Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi iko na programu yenye kuitwa Excellentia. Inaangalia wale wenye walipata asilimia za juu zaidi mu Examen d'État katika inchi yote. Kama mutoto wako ako kati ya wale wa kwanza mu jimbo, fuata matangazo mara tu matokeo inatoka, na ulinde karatasi zake zote.

2. Kwa wale wenye wako tayari ku iniversite

BEBUC ni burse yenye ilianzishwa na profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na profesa Virima Mudogo wa Kinshasa. Wanafunzi wa Kongo wanasomea hapa hapa Kongo, na Université de Lubumbashi ni moja ya zile zenye ziliingia. Haitolewe kwa mutu mwenye kupiga magoti vizuri. Wanaangalia dosiye, maprofesa wanakupendekeza, kisha wanakuuliza maswali uso kwa uso. Na ukipewa, wanaendelea kufuata matokeo yako: ukishuka, inaweza kukatwa.

Funzo la hapa ni moja: profesa mwenye hakujui hawezi kukupendekeza. Kuanzia mwaka wa kwanza, kaa mbele, uliza maswali, leta kazi zako kwa wakati.

3. Migodi

Hii njo watu wengi wa Haut-Katanga na Lualaba hawajue vizuri. Code minier yenye ilibadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni yenye kuchimba kutoa angalau 0,3% ya feza yote ya mauzo yake juu ya maendeleo ya jamii zenye kukaa karibu na mugodi. Ile feza inasimamiwa na chombo chenye kuitwa DOT, chenye ndani yake mna wajumbe wa kampuni na wajumbe wa jamii. Mbali na ile, kuko "cahier des charges": mapatano ya maandishi kati ya kampuni na jamii juu ya kazi zenye zitafanywa. Masomo ni kati ya mambo yenye jamii inaweza kuomba, na burse inaweza kuingia ndani.

Na kuko tena redevance minière, ushuru wenye kampuni inalipa. Sheria inaigawa hivi: 50% serikali ya Kinshasa, 25% jimbo, 15% komini, shefferie ao sekta kwenye mugodi uko, na 10% mufuko wa vizazi vya kesho. Kwa hiyo komini yenye iko na mugodi ina feza yake, na raia ana haki ya kuuliza inafanya nini.

Unaanzia wapi? Si ku mulango wa kampuni na bahasha mukononi. Unaanzia kwa shefu wa kijiji ao wa katini, ku biro ya bourgmestre, na kwa wajumbe wa jamii ndani ya DOT. Uliza maswali matatu: je, masomo iko ndani ya mapatano? Je, burse iko? Wanachagua watoto ginsi gani? Kama burse haiko, mukutano wa jamii njo mahali pa kuomba iingie. Lakini tukumbuke: ile feza ni ya jamii zenye kuguswa na mugodi. Mutu wa katikati ya muji hawezi kudai burse ya vijiji vya karibu na Kinsevere.

4. Inje ya inchi

Hapa kuko kosa moja lenye kurudi kila mwaka: mutoto mwenye ametoka tu ku sekondere anaomba burse ya master. Burse nyingi za Ulaya si za mwaka wa kwanza.

- ARES na VLIR-UOS, za Ubelgiji, zinalipia zaidi master na mafunzo ya watu wenye walimaliza iniversite.
- Chevening, ya Uingereza, ni ya master ya mwaka mumoja. Inaomba angalau miaka 2 ya kazi, na unapaswa kurudi kwenu kwa miaka 2 kisha masomo.
- Eiffel, ya Ufaransa, haupeleke dosiye wewe mwenyewe. Iniversite ya Ufaransa yenye imekukubali njo inaipeleka.
- Türkiye Bursları, ya Uturuki, inakubali mupaka wale wenye wanaanza. Kuomba ni bure, kwa intaneti, na kwa kawaida mulango unafunguka mwezi wa 1 na kufungwa mwezi wa 2. Kwa masomo ya kwanza, inafaa uwe chini ya miaka 21.
- Serikali ya China inatoa burse kwa njia mbili: kupitia ubalozi, ao kupitia iniversite zenyewe za China.

5. Kwa wakimbizi

Familia nyingi za Kivu, Ituri na Tanganyika ziko na watoto wenye walikimbilia Uganda, Burundi, Zambia ao Tanzania. Kama mutoto ameandikwa kuwa mukimbizi, aulize biro ya HCR juu ya DAFI, burse yenye iko tangu mwaka 1992 na yenye kulipia masomo ya iniversite ndani ya inchi zenye ziliwapokea wakimbizi. Inaangalia karatasi ya ukimbizi na matokeo ya shule.

SHIDA YA ASILIMIA

Hili jambo linaangusha Wakongomani wengi. Kwetu, mutu anafaulu Examen d'État na 50%. Mwenye 65% anaheshimiwa, mwenye 75% anaitwa jenio. Lakini mutu wa biro kule Ankara hajue ile. Türkiye Bursları, kwa mufano, inaomba kwa kawaida angalau 70% kwa masomo ya kwanza, na 90% kwa utabibu.

Utafanya nini? Kwanza, soma masharti mbele ya kupoteza wakati. Kama kiwango ni 70% na wewe uko na 58%, tafuta mulango mwingine. Pili, pale kwenye hakuna kiwango kamili, omba shule yako ikupatie karatasi yenye kuonyesha nafasi yako: ulikuwa wa ngapi katika kalasi ya watu wangapi. "Wa 2 kati ya 54" inaeleweka kila mahali, hata kwa mutu mwenye hajue asilimia zetu.

DOSIYE: KARATASI ZENYE ZINAOMBWA

Kila burse ina masharti yake, lakini hizi njo zinarudi:

- Diploma ya État. Diploma yenyewe inaweza kuchelewa sana kufika kutoka Kinshasa. Kwa hiyo omba mapema atestasiyo ya kufaulu.
- Bultini za miaka miwili ya mwisho, ao releve za pointi kama uko iniversite.
- Akti ya kuzaliwa. Kama mutoto hakuandikwa ku komini mu siku 90 za kwanza, inafaa kupitia tribinali juu ya jugement supplétif. Ile inakula wakati. Usingojee mwezi wa mwisho.
- Karatasi ya kitambulisho; kwa inje, pasporti yenye haijaisha.
- Atestasiyo ya mwenendo muzuri, kutoka komini.
- Karatasi ya munganga.
- Barua 2 za watu wenye kukupendekeza.
- Barua yako ya kueleza sababu.

Angalia jina. Kama diploma inasema "Kasongo Ilunga" na akti inasema "Ilunga Kasongo", ao tarehe ya kuzaliwa haifanane, dosiye inaweza kutupwa bila mutu kukuandikia. Rekebisha ile mbele ya yote.

Kisha fanya skani ya kila karatasi, uitume kwenye emaili yako mwenyewe. Wandugu wetu wa mashariki wanajua sababu. Wakati M23 iliingia Goma mwezi wa 1 mwaka 2025, kisha Bukavu mwezi wa 2, watu walikimbia na nguo za mwilini tu, na banki zikafunga. Mwenye alikuwa na diploma yake mu emaili anaweza kuendelea kuomba kwenye amefika. Mwenye aliiacha chini ya kitanda anaanza upya.

BARUA YA KUELEZA SABABU

Wenye kuchagua wanasoma mamia ya barua. Nyingi zinasema: "Ninaomba munisaidie, wazazi wangu ni maskini na ninapenda sana masomo." Ile inaweza kuwa kweli, lakini haiwaambie kitu. Wote wanaandika hivyo.

Angalia hii ingine: "Baba yangu ni mulinzi wa usiku. Tuko watoto 7, na 4 wanasoma. Mu mwaka wa kwanza wa agronomia nilipata 68%. Jioni ninauza mukate ku soko ya Kenya juu ya kulipa transporti. Burse italipa minervali na staje. Ninataka kufanya kazi juu ya mahindi, sababu Lubumbashi inanunua unga mwingi kutoka Zambia."

Hapa kuko hesabu, kazi, matokeo na kusudi. Hakuna kilio. Andika yako hivyo, kwa Kifaransa chepesi ao kwa luga yenye wanaomba, kisha mupe mutu asome makosa. Usikopi barua ya rafiki. Wenye kuchagua wanatambua barua mbili zenye kufanana, na zote mbili zinaanguka.

Kwa barua za kupendekeza, mupe profesa ao prefe wa shule angalau wiki 3, na umuletee bultini zako ili awe na kitu cha kuandika.

KALENDARI

Mwenye kuanza kutafuta kisha matokeo amechelewa. Panga hivi:

- Mwaka wa mbele ya mwisho wa sekondere: akti ya kuzaliwa, majina, emaili yenye jina lako la kweli.
- Mwaka wa mwisho, mwezi wa 9 mupaka wa 12: andika kwenye kaye tarehe za burse zote zenye unaweza kuomba.
- Mwezi wa 1 na wa 2: burse nyingi za inje zinafunga.
- Kisha matokeo: Excellentia, burse za jamii za migodi, maulizo ku iniversite.
- Wakati unaingia iniversite: uliza biro yenye kushugulikia wanafunzi kama kuko burse, kupunguziwa, ao kulipa pole pole.

MITEGO

Burse ya kweli haikuombe kutuma feza kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ku namba ya mutu ili "dosiye itembee". Kuko gharama za kweli: mutihani wa luga, pasporti, na iniversite zingine za inje zinaomba feza ya dosiye. Lakini zile zinalipwa kwenye biro ao tovuti yenye kujulikana, na unapata karatasi ya malipo yenye jina lako.

Jiazari na tangazo la WhatsApp lenye kusema "mwisho ni leo usiku". Enda kwenye tovuti ya burse yenyewe, ao uliza ubalozi. Kama tangazo haliko pale, liache.

Na kwa wasichana: hakuna burse yenye inapitia hoteli. Mutu mwenye kuomba mwili juu ya burse ao juu ya pointi anavunja sheria. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 inaazibu kusumbua mutu kwa njia ya ngono. Linda mesaje zake, usizifute, na uende pamoja na mutu mwenye unaamini kwa polisi, kwa parquet ao kwa shirika la kutetea wanawake. Wazazi, musimulaumu mutoto mwenye kuleta hii habari ku nyumba. Ukimupigia makelele, ile ingine hatakuambia.

KAMA BURSE HAIKUTOKA

Wengi hawatapata. Inafaa familia iwe na njia ya pili tangu mwanzo. Wamama wengi wa Lubumbashi wanajua kitemo: watu 10 wanaweka feza kila mwezi, na mumoja anabeba yote. Mukipanga zamu yenu ianguke kwenye mwezi wa sehemu ya minervali, mutoto haondolewe mu mutihani. Kaa na wajomba na mashangazi mbele ya mwaka kuanza, kila mutu aseme kiasi na tarehe, na muandike. Ahadi ya ku sherehe ya pudra, kama haikuandikwa, inasahaulika.

Fikiria tena masomo mafupi ya ufundi, ao kutumika mwaka mumoja na kuomba tena. Mwenye aliomba mwaka huu na kukosa ako na dosiye tayari. Mwaka wenye kuja, kazi yake ni kubadilisha tarehe na kutengeneza barua vizuri zaidi.

Kwa leo, kama diploma ya mutoto iko ku nyumba, fanya kitu kimoja: itoe, iweke pembeni ya akti yake ya kuzaliwa, na usome majina yote mawili kwa sauti, herufi kwa herufi.